Jiko la Muda Tu

“Sufuria likitoboka unaliziba siku hiyo hiyo. Mlango ukilia unautia mafuta kabla majirani hawajausikia. Mgongo wangu unalia tangu tulipomwoza binti yako. Wewe umeutia nini?”

Hayo ni maneno ya dada yangu kwa mumewe, mchana mmoja uani kwao, na mimi nimekaa kizingitini na ungo wa maharage mapajani. Sikuinuka. Ugomvi wa mke na mume wakati mwingine unataka shahidi, na maharage nayo yalikuwa na mawe.

Shemeji alikuwa anakula. Alimeza kwanza, ndiyo tabia yake, hajibu na kitu mdomoni.

“Mgongo hauchomelewi, mke wangu.”

“Sijakwambia uuchomelee. Nimekwambia ulitupe jiko hilo.”

“Jiko lina nini?” Akaligeukia, akalitazama kama baba anayemtazama mwanawe aliyesingiziwa wizi. “Bado kizima hicho.”

Dada akanigeukia mimi. “Umemsikia?”

“Nimemsikia. Hilo ndilo jina lake, ulitaka aseme nini?”

Na kweli ndilo jina lake. Shemeji yangu ni fundi wa kuchomelea, anatengeneza mageti na madirisha, na vyombo vya watu anaviziba pembeni, na hapa mtaani hakuna anayemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Wote wanamwita Bado Kizima. Ukimpelekea birika lililopasuka mdomo, kabla hujalitua chini ameshalisema. Ukimpelekea kitanda kilichobaki fito mbili, atakizunguka, atakigonga kwa kidole, atalisema. Nadhani hata siku tutakayompeleka yeye mwenyewe makaburini atainuka kidogo aseme, bado kizima.

Si bahili, nisije nikaambiwa nimemsingizia. Bahili tunamjua, mkono wa birika, hata salamu anaikata nusu. Shemeji hutoa. Ila hawezi kuona kitu kinatupwa ilhali kina sehemu moja inayofaa. Kinamuuma mwilini. Kwa hiyo nyumba ya dada yangu imejaa vitu vilivyokataa kufa. Kabati la vyombo mguu wake mmoja ni tofali. Redio inafunguliwa kwa kifuniko cha dawa ya meno. Kuna friji ambalo liliacha kugandisha kabla binti yao hajazaliwa, nao wanahifadhia unga na mchele humo, panya hawana ruhusa. Mgeni akilifungua akitaka maji baridi, anatoka na vumbi la unga puani. Sufuria kubwa la kupikia limetiwa kitako mara nyingi, na baada ya vitako likatiwa ubavu, na baada ya ubavu likatiwa masikio. Ukimuuliza lile la zamani ni lipi, atakuonyesha masizi.

Na jiko. Jiko ndilo lililomla dada yangu.

Wakati anaolewa, dada alikuwa mrefu kuliko wanawake wote wa ukoo wetu na nusu ya wanaume. Nyumbani tulikuwa tunamwita Twiga. Vitu vya juu vyote vilikuwa vyake, taa, kamba ya nguo, mtungi wa rafu ya mwisho. Mimi nilizaliwa mfupi na nitazikwa mfupi, na utoto wangu wote nilizungumza na kiwiko chake. Akapata fundi kijana mwenye vidole vilivyoungua, hana kitu, wakapanga chumba kimoja. Shemeji akaokota ringi ya lori iliyotupwa, akaitoboa mlango wa kuni, akaichomelea miguu mitatu mifupi kama ya kigoda. Akaliweka mbele ya mkewe akamwambia, hili la muda tu. Nikipata vyuma nitakutengenezea la kusimama, lenye sehemu ya kuokea na rafu ya vifuniko, upike kama bibi wa bwana mkubwa.

Dada alinisimulia maneno hayo siku ile ile, anacheka, amekaa juu ya ringi yenyewe kwa kuwa hawakuwa na kiti.

Wahenga walisema ahadi ni deni. Hawakusema linadaiwa wapi.

Ringi ya lori haiungui. Haipinduki. Haiibiwi, maana mwizi naye ana mgongo wake. Juu ya jiko hilo dada amewapikia watoto wake mpaka wakaondoka, na walipoondoka akaanza kupika chakula cha mchana cha mafundi wa gereji. Alfajiri anawasha kuni, ambazo mimi ndiye ninayemuuzia, anabandika sufuria la maharage, na kuanzia hapo ni kuinama. Anainama kupuliza, anainama kukoroga, anainama kuonja, anainama kuepua. Ukiwa mfupi unachuchumaa, unakaa kwenye kigoda, maisha yanaendelea. Ukiwa mrefu, magoti yanakufika masikioni, kwa hiyo dada akawa anapika kwa kujikunja kiunoni kama msumari uliopigwa vibaya. Mwanzoni alikuwa akimaliza anajinyoosha, unasikia mifupa inalia. Baadaye akawa anajinyoosha nusu. Siku hizi nikimsalimia tunatazamana macho kwa macho, na mimi sijarefuka.

Binti yake aliwahi kumletea jiko la gesi, la mafiga mawili, zuri, linang'aa. Dada akalibandika sufuria la maharage ya gereji juu yake. Siku ya pili miguu ya jiko ilikuwa imepanuka kama ya ndama anayesimama mara ya kwanza. Likarudishwa kwenye boksi lake, na boksi likapandishwa juu ya friji. Shemeji aliligonga kwa kidole, mnajua alisema nini.

La kusimama je? Halikusahaulika, hapo ndipo penye uchungu. Kila mwaka shemeji alikuwa anakusanya vyuma vyake. Mara moja vilitosha, nikaviona vimeegemezwa ukutani, akaja mtu ana dirisha la haraka na mtoto anadaiwa ada, vyuma vikaenda dirishani. Mara nyingine kitanda chao kilikatika, vikaenda kitandani. Kisha akasema hataki kulifanya nusunusu, anataka la maana, lenye sehemu ya kuokea. Mganga hajigangi, na fundi nyumbani kwake ni mgeni.

Basi siku ile ya ugomvi shemeji alimaliza kula, akanawa, akasema, “Nikipata vyuma,” akaenda zake karakana. Dada akabaki anatazama jiko.

“Halifi hili,” akasema.

“Ringi ya lori hiyo, dada. Ilishapita makorongo, unadhani itakufa kwa maharage?”

“Likifa atalazimika. Watu wa gereji wanataka chakula, siwezi kuwaambia wasubiri. Likifa leo, kesho kutwa ana la kusimama hapa.” Alikuwa hasemi na mimi tena. Akashika kiuno kwa mikono miwili, ndivyo anavyosimama sasa, akawaza. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo ya mtu anayeuliza bei, “Yule jirani yetu ameshapata mtu wa kumwazima jiko?”

Nikaacha kuchambua maharage.

Jirani anayemsema tunamwita Bi Bahati Mbaya. Ni mwanamke mwema, anacheka na kila mtu, na mikono yake ni balaa tupu. Hakuna chombo kilichoazimwa nyumba ile kikarudi na kifuniko. Na kila kinapovunjika anakuja mwenyewe, hafichi, ameshika vipande kwenye upande wa nguo, anaanza, “Shoga, kwa bahati mbaya.” Wiki ile alikuwa anatarajia wageni wengi kutoka kwao, na alizunguka mtaa mzima akitafuta jiko kubwa, na mtaa mzima ukamwambia jiko limeazimwa na mtu mwingine tangu jana.

“Dada,” nikasema, “unataka kumpa Bi Bahati Mbaya?”

“Jirani ni jirani.”

“Unampa avunje.”

“Nampa apikie wageni. Mengine yako kwake.”

Tuliliviringisha jiko wenyewe mpaka mlangoni pake. Bi Bahati Mbaya alipofungua hakuamini. Alitazama jiko, akatazama uso wa dada, akaanza kufuta mikono kama aliyeitwa mbele ya hakimu.

“Shoga, unaniazima kweli? Wewe mwenyewe utapikia nini?”

“Nina matofali matatu. Tumia tu mama, usiliogope. Lipige maji, lipige kuni, usilihurumie.”

“Nitalitunza kama yai.”

Dada alimjibu haraka sana. “La, usilitunze hivyo.”

Jioni shemeji alipokuta matofali yanafuka moshi mahali pa ringi yake, aliuliza liko wapi, akaambiwa. “Kwa yule?” akasema. Dada akasema, jirani ni jirani, na shemeji kwa kuwa ni mtu mzuri akanawa akaomba chakula.

Wageni wakaja, wakala, wakaondoka. Jiko halikurudi. Na mimi nikaanza kuona kitu ambacho sikukiona siku nyingi: dada anaimba kidogo, puani, juu ya matofali ambayo yako chini kuliko hata jiko lenyewe. Anaumia, lakini anaumia kama mtu aliyeambiwa basi linakuja. Alinichukua tukapita kwa wauza bati kutazama tu. Kulikuwa na jiko la kusimama pale, akalisogelea, akaweka mkono juu yake pasipo kuinama, akakaa hivyo. Muuzaji akasema karibu mama. Dada akasema, asante mwanangu, langu linatengenezwa.

Kisha likarudi.

Lilirudi juu ya mkokoteni, Bi Bahati Mbaya anasukuma kwa nyuma, jasho linamtoka, uso umejaa furaha ya mtu aliyelipa dhambi zote. Lilikuwa limepakwa rangi nyeusi, linang'aa. Lilikuwa na miguu minne.

“Shoga,” akaanza, “kwa bahati mbaya.” Akaeleza. Wageni walitaka maji ya kuoga, wakabandika pipa, pipa likajaa kupita kiasi, jiko likainamia upande mmoja, mguu ukakatika, na wa pili ukafuata mwenzake. “Nilitaka ardhi ipasuke nizame. Nikasema hapana, la huyu silirudishi na maneno. Nikalifunga kwenye gunia nikalipeleka kwa fundi. Akaitoa yote mitatu akaniwekea minne. Anasema sasa hili litawazika hata wajukuu.”

Dada alilisogelea jiko. Akainama, na kwake si mbali, akapitisha kidole pale mguu unapokutana na ringi. Mshono wa chuma ulikuwa mwembamba, umelala sawasawa kama ukili uliosukwa na mtu asiye na haraka. Hakuna mwingine mtaani anayechomelea hivyo.

“Fundi gani?” aliuliza, ingawa alijua.

Bi Bahati Mbaya akatazama viatu vyake. “Shemeji mwenyewe. Nilimwomba asikwambie, nione haya peke yangu. Na hela yake bado sijamlipa, alisema nitalipa nikipata. Usimgombeze, mtu wa watu yule.”

“Simgombezi,” dada akasema. “Asante kwa kulirudisha.”

Bi Bahati Mbaya alipoondoka dada alikaa chini, juu ya udongo, mgongo kwenye ukuta. Mimi nilishikwa na kicheko. Mniwie radhi, kilinipanda chenyewe, mtu anampeleka mgonjwa akafe na mumewe ndiye daktari. Lakini nilipomtazama kilikatika. Hakuwa analia. Alikuwa na uso wa mtu aliyepanda mlima akaambiwa ni ule mwingine.

Shemeji alirudi akiwa na furaha, maskini. Aliliona jiko, akajifanya hajui, akasema, “Oo, limerudi.” Hajui kudanganya, masikio yake yanamsaliti.

“Mume wangu, kaa,” dada akasema.

Akakaa.

“Jiko hili nilimpa yule mama alivunje.”

Shemeji akanitazama mimi, nami nikatazama ungo.

“Nilijua mikononi mwake hakitoki kitu salama. Ndiyo maana nikampa. Nililala na roho nyeupe, nikijua utaamka siku moja huna jiko la kuniambia bado kizima. Na akalivunja, Mungu ambariki. Wewe ukalifufua.”

“Sikujua,” shemeji akasema.

“Najua hukujua. Sijakasirika. Kukasirika kunataka nguvu, mimi nguvu nazipeleka kwenye maharage. Nakwambia tu nimechoka. Uliniambia la muda. Nilikuwa msichana nimekaa juu yake. Sasa nimekuwa hivi, nalo limeongezewa mguu.”

Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali ingekuwa nafuu, maana mkali anajibiwa. Nikafikiri nijiondokee. Shemeji akainuka, akatoa futi yake mfukoni, ile ya kukunjuka aliyoitia kizibo cha chupa ilipokatika ncha.

“Simama.”

“Nimesimama.” Kweli alikuwa ameshainuka, anataka kwenda kuanua nguo.

“Simama wima nikupime.”

“Hapa ndipo wima yangu ilipofika.”

Shemeji akapiga goti, akaweka ncha ya futi kwenye kisigino cha mkewe, akaipandisha mpaka kwenye kiwiko. Akasoma. Akarudia. Mimi namjua, shemeji hapimi kitu mara mbili. Akageuka akatazama kamba ya nguo pale uani, ambayo alimfungia yeye mwenyewe walipohamia, juu kabisa, kwa sababu mkewe ni Twiga na watoto wa jirani wasifikie. Chini ya kamba kulikuwa na kigoda. Kigoda kile kiko hapo siku zote, nami nimepita hapo siku zote, wala sikuwahi kujiuliza Twiga anataka kigoda cha nini. Nadhani shemeji naye ndipo alipokiona.

Akaikunja futi. Akalipakia jiko kwenye mkokoteni akaondoka nalo.

Kesho yake hakurudi kula mchana, nikampelekea mimi. Nilimkuta ameikata ile miguu minne, imelala chini kama vidole. Ubavuni kulikuwa na bomba za geti la mtu, tajiri mmoja wa ng'ambo ya barabara, na mwenye geti alikuwa amesimama pale anafoka.

“Fundi, uliniahidi leo.”

“Nilikuahidi, mkubwa. Lakini kuna mteja alikutangulia.”

“Nani? Mbona sioni mtu hapa?”

“Alitangulia zamani,” shemeji akasema, akavaa miwani yake ya kuchomelea, na mtu ukishaona cheche unarudi nyuma mwenyewe.

Alichukua bomba za geti, akazipima dhidi ya alama aliyoichora ukutani kwa chokaa. Alama hiyo ilikuwa kiwiko cha dada. Akatoa urefu wa sufuria, akatoa urefu wa ringi, kilichobaki akakikatia miguu. Akaitanua miguu chini ili jiko lisiyumbe, akaifunga mkanda, na ubavuni akaweka bati nene la kutelezeshea sufuria, dada asilinyanyue. Halikuwa na sehemu ya kuokea wala rafu ya vifuniko. Lilikuwa ni jiko lile lile, juu ya miguu mirefu.

Nilisimama na bakuli lake la chakula mkononi nikatazama. Miguu tu. Maisha yote hayo, miguu tu. Yeye alikuwa anangoja vyuma vya jiko zima, na mkewe anangoja jiko life, na sisi wengine wote tunapita tunasema pole. Fundi wa kurudisha vitu kama vilivyokuwa hajui kukiongeza kitu kikawa kingine, na mke wa fundi haombi kingine ila kipya. Mimi ni nani niwacheke, kuni zangu ndizo zilikuwa zinaungua humo.

“Shemeji,” nikamwambia, “ulishindwa nini siku zote?”

Akafunua miwani. Macho yalikuwa mekundu, ni kazi ya kuchomelea hiyo, sitatia chumvi. “Sikufikiri kama lina kasoro,” akasema. “Lilikuwa zima.”

Likarudi uani. Alfajiri dada alitoka, akawasha, akabandika, na alipotaka kukoroga mkono wake ulikwenda chini, hewani, kulitafuta jiko mahali lilipokuwa. Akausimamisha huko kidogo. Kisha akaupandisha. Mwiko ukaingia sufuriani na yeye amesimama, kwa kadiri anavyosimama. Nisiseme mgongo ulinyooka, haukunyooka, na hautanyooka. Ila haukuinama zaidi.

Shemeji alikuwa mlangoni na mswaki mdomoni, anangoja.

“Limechelewa,” dada akasema pasipo kugeuka.

“Najua.”

“Leta chumvi.”

Akaleta.

Tulikuwa tunapakua ya gereji Bi Bahati Mbaya alipoingia, fundo la nguo lenye hela mkononi, tayari amelilegeza. Kwanza aliduwaa mbele ya jiko, akalizunguka, akaogopa kuligusa. Kisha akasema amekuja kumlipa shemeji ile miguu minne, na kama haitoshi atamalizia mwisho wa mwezi.

“Funga fundo lako, shoga,” dada akamwambia.

“Hapana, deni ni deni. Nimelala nalo vibaya.”

“Ulishalipa.”

“Nimelipa lini mimi?”

Dada akalitelezesha sufuria kwenye bati, taratibu, likafika lenyewe. Akafuta mikono.

“Ulipolivunja,” akasema. “Chukua sahani ule, umesimama bure.”

Bi Bahati Mbaya alinitazama mimi nimfafanulie. Nikampa sahani. Nilichagua ya bati.